Uji wa usiku wa manane Guangzhou: namna ya kuingia, kuagiza na kula mgahawa ukiwa umefurika

Msimu wa Maonyesho ya Canton, yale maonyesho makubwa ya biashara ya Guangzhou, ukifika, Aprili na Oktoba, simu yangu haitulii. Wageni wanaotoka Dar, Mombasa, Bujumbura na Lubumbashi kuja kununua mzigo huniuliza yale yale: usiku tunakula wapi, ule uji wa Wachina ni uji gani, una nguruwe au hauna, mbona nimeletewa chungu kizima na niko peke yangu. Nimeyajibu kwa sauti kwenye WeChat, programu ya Wachina ya ujumbe na malipo, mpaka nimeona bora niyaandike, mtu ayasome akiwa bado hotelini.

Njaa ya usiku hapa ina sababu yake. China iko mbele ya Dar na Nairobi kwa saa tano, na mbele ya Bujumbura na Lubumbashi kwa saa sita. Ikiwa saa tano usiku Guangzhou, Kariakoo ni saa kumi na mbili jioni. Mteja wako ndiyo kwanza anafunga duka na kuanza kukutumia picha za bidhaa anazotaka. Ukimalizana naye ni saa sita na nusu, na tumbo linakukumbusha kuwa hujala tangu mchana. Bahati yako umefika kwenye mji ambao mlo wa saa hizo una jina lake kabisa. Kwa Kikantoni, lugha ya wenyeji wa hapa, unaitwa siu ye, na katika siu ye hakuna kinachotulia tumboni kama uji.

Uji wenyewe ni wa mchele, si wa unga. Mchele huchemshwa kwa maji mengi mpaka punje zipasuke na kuyeyuka, uji ukawa mzito na laini. Sisi watu wa pwani tunaujua uji wa mchele wa nazi, sukari na pilipili manga, ule wa kufuturia. Huu wa Guangzhou ni wa chumvi, na ndani yake hutiwa samaki, nyama au mayai. Kwa Kikantoni ni juk. Kwa Kimandarini, Kichina cha taifa zima, ni zhou, ambalo hutamkwa kama "jou". Alama yake ni hii: 粥. Iangalie mpaka uizoee, maana usiku wa manane utaitafuta kwenye mabango ya taa.

Kama utashika jambo moja tu katika mwongozo huu, shika hili: usianze kwa kuuliza uji umetiwa nini juu. Anza kwa kuuliza umechemshwa na nini chini.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kutoka

- Pasipoti yenyewe, si kopi. Sheria ya China inamtaka mgeni mwenye umri wa miaka 16 na zaidi atembee nayo, na usiku ndipo unapoweza kuombwa.
- Simu yenye chaji na data, pamoja na pawabenki. Simu ikizima huwezi kuagiza, kulipa wala kuita teksi.
- Alipay au WeChat iliyounganishwa na kadi yako ya Visa au Mastercard. Fanya kazi hii ukiwa bado nyumbani. Benki hutuma namba ya uthibitisho kwenye laini yako ya kwenu, na laini ile ikiwa haishiki China, utakwama mbele ya mhudumu.
- Fedha taslimu kama yuan 200, za noti ndogo. Bado zinapokelewa, ila chenji huchelewa.
- Programu ya kutafsiri uliyoipakua ifanye kazi bila intaneti. Huduma za Google hazifunguki China bila VPN, programu ya kuvuka vizuizi vya intaneti, na VPN nayo hukatika pale pale unapoihitaji.
- Picha ya kadi ya hoteli yako yenye anwani kwa Kichina, ya kumwonyesha dereva.
- Mwenzako mmoja au wawili. Peke yako utakula vizuri, lakini mkiwa watatu mtaonja vitu vinne.

Hatua ya 1: Chagua mgahawa uliojaa

Mtu aliyechoka huvutwa na mgahawa mtupu, akae haraka. Katika uji hilo ni kosa, na nitakueleza kwa nini.

Jikoni kuna sufuria kubwa la uji mweupe ambao umechemka kwa muda mrefu. Huo ndio msingi, na wenyewe wanauita zhoudi. Ukiagiza, mpishi huchota upawa wa msingi ule akautia kwenye kisufuria, akaongeza vipande vya samaki au nyama mbichi, ukachemka kwa nguvu kwa dakika chache, kisha ukaletwa mezani ukiwa bado unatokota. Mtindo huo unaitwa shenggun. Ndiyo maana mgahawa wenye watu mia unaweza kukuhudumia upesi. Na ndiyo maana wingi wa watu ni dalili njema: sufuria linaisha na kujazwa upya, samaki hakai. Kwenye mgahawa mtupu unaweza kupewa msingi ulioanza kushika chini, na harufu ya kuungua haifichwi na tangawizi.

Tafuta sehemu ambayo wenyeji wamekaa nje kwenye viti vya plastiki wakisubiri. Liwan, upande wa magharibi wa mji wa zamani, kuna migahawa mingi ya mtindo wa Kikantoni. Xiaobei na Sanyuanli, wanakofikia wengi wetu, utapata pia, ila huko usiku utaona zaidi nyama choma na tambi.

Angalia saa kwenye mlango, na uisome kwa Kiswahili. 02:00 ni saa nane za usiku, si saa mbili asubuhi. Nimewahi kupokea watu waliofika mlangoni saa tisa usiku kwa kosa hilo, njaa inawauma na kiti kimeshapanda juu ya meza. Ujue pia kwamba treni za chini ya ardhi huanza kukoma kuanzia saa tano usiku, kwa hiyo hesabu nauli ya teksi ya kurudi.

Hatua ya 2: Chukua namba, kisha kubali meza ya pamoja

Usiingie ukakaa. Mlangoni kuna mtu mwenye karatasi za namba, au mashine. Mwonyeshe kwa vidole mko wangapi. Mpaka watano vidole vyetu na vyao vinaelewana. Sita ni kidole gumba na kidole cha mwisho vikinyooshwa, vingine vikikunjwa, kama mtu anayeigiza kuongea na simu. Nane ni kidole gumba na cha shahada. Ukiwa mfanyabiashara jifunze hizo leo leo, utazihitaji sokoni kesho.

Namba yako itaitwa kwa Kikantoni au Kimandarini, na kelele ni nyingi. Simama karibu na mwitaji na umwonyeshe karatasi yako kila baada ya muda. Atakukumbuka.

Mkiwa wachache, mtakalishwa meza moja na watu msiowajua. Hiyo si dharau. Ni kama benchi la mama ntilie saa saba mchana: kila mtu na bakuli lake. Salimia kwa kichwa, kaa, usisogeze vyombo vyao.

Hatua ya 3: Uliza kuhusu nguruwe kabla ya kuagiza chochote

Hapa ndipo wageni wengi wanapokosea, na wanakosea kwa nia njema. Anaona kwenye menyu picha ya uji wa samaki, anasema moyoni, samaki hana tatizo. Lakini ule msingi wa sufuria kubwa, katika migahawa mingi ya Kikantoni, umechemshwa na mifupa ya nguruwe ili upate utamu. Samaki ametiwa juu ya supu ya nguruwe. Hata uji mweupe usio na kitu unaweza kuwa umetoka sufuria lile lile. Na nyama ya ng'ombe mara nyingi hulainishwa kwa viungo vyenye pombe ya kupikia.

Onyesha maandishi haya kwenye simu yako. Yanakili sasa:

我不吃猪肉，猪骨汤和猪油也不吃。
(Sili nguruwe, wala supu ya mifupa yake, wala mafuta yake.)

粥底有没有用猪骨熬？
(Uji wa msingi umechemshwa na mifupa ya nguruwe?)

不要放酒。
(Usitie pombe.)

Usiulize tu "kuna nguruwe?" Mhudumu akiulizwa hivyo huangalia vipande vilivyo juu, anakujibu hapana, naye hajakudanganya kwa jinsi alivyoelewa. Taja mifupa.

Kwa Muislamu anayeshika halali barabara, maoni yangu ni wazi: mgahawa wa kawaida haufai, hata wakikujibu kwamba msingi wao ni maji matupu. Upawa ni ule ule, visufuria ni vile vile. Tafuta alama 清真, qingzhen, ambayo ndiyo halali ya China. Mara nyingi iko kwenye bango la kijani. Ila ujue migahawa hiyo wengi wa wenyewe ni Wahui, Waislamu wa China, kutoka kaskazini-magharibi, na chakula chao kikuu ni tambi na kondoo. Uji wa Kikantoni hutaukuta kwa urahisi. Njia nyingine nimeiweka mwisho kabisa.

Mwenye kudhurika na karanga naye aseme hapa hapa, maana karanga za kukaanga hunyunyizwa bila kuulizwa: 我对花生过敏。

Hatua ya 4: Chagua uji wako

Menyu inaweza kuwa na aina arobaini. Hizi ndizo utakazokutana nazo kila mahali.

白粥, uji mweupe. Hauna kitu, au una chumvi kidogo tu. Ni wa mgonjwa, wa mlevi, na wa mtu aliyeshuka kwenye ndege jioni ile na tumbo lake bado liko angani. Usiudharau. Ukila na mboga ya chumvi na kipande cha unga wa kukaanga, umekula. Katika lugha ya wahudumu wa migahawa ya Kikantoni, hasa Hong Kong, uji mweupe huitwa leng neui, yaani "msichana mrembo", na wali mweupe huitwa leng zai, "kijana mtanashati". Ukisikia mhudumu anapigia jikoni kelele za wasichana watatu, ni mabakuli matatu ya uji.

鱼片粥, uji wa vipande vya samaki. Kwangu mimi huu ndio wa kuanzia. Samaki wake kwa kawaida ni wa maji baridi, amekatwa vipande vyembamba, na ndani kuna nyuzi za tangawizi na majani ya kitunguu. Mtu aliyekua akila changu na samaki wa nazi atauelewa kwa kijiko cha kwanza.

艇仔粥, uji wa mashua. Huu ni wa Guangzhou wenyewe. Ulikuwa ukiuzwa kwenye mashua katika maji ya Lizhiwan, ghuba ya matunda ya lychee, huko Liwan. Una samaki, karanga, nyuzi za yai, vipande vya unga wa kukaanga, mara nyingi na vitu vingine vya baharini. Baadhi ya wapishi hutia ngozi ya nguruwe. Uliza.

滑蛋牛肉粥, uji wa ng'ombe na yai. Nyama laini, yai bichi limevunjwa juu na kuiva kwa joto la uji.

皮蛋瘦肉粥, uji wa yai jeusi na nyama ya nguruwe isiyo na mafuta. Ndio maarufu kuliko yote, kwa hiyo mhudumu akiona umekwama atakushauri huo. Yai lile ni la bata, limehifadhiwa kwa chokaa, majivu na chumvi kwa wiki kadhaa mpaka ute ukawa kama jeli nyeusi. Halijaoza. Harufu yake ni kali, lakini ndani ya uji moto hupungua sana.

及第粥, uji wa maini, figo na utumbo wa nguruwe. Jina lake ni la kufaulu mitihani ya kifalme ya zamani. 猪红粥 ni wa damu ya nguruwe. Ukiona 猪 popote kwenye jina, ni nguruwe. Lakini kutoiona alama hiyo hakumaanishi hayumo: 瘦肉, "nyama isiyo na mafuta", karibu kila mara ni ya nguruwe, na 及第 haitaji mnyama yeyote.

田鸡粥. Simama hapa. Alama mbili za kwanza, ukizitafsiri mojamoja, ni "kuku wa shambani", na programu nyingine za simu hutafsiri hivyo hivyo. Ni chura. Mgeni wangu mmoja aliagiza akidhani ni kuku wa kienyeji, akala nusu bakuli, akauliza mbona mifupa ni midogo hivi. Aliumia moyo kwa siku mbili, na tangu hapo hili nalisema kwa kila mtu kabla ya mambo mengine. Kuku wa kweli ni 鸡 bila 田 mbele yake. Na 水蛇粥 ni nyoka wa majini.

砂锅粥, uji wa chungu. Huu asili yake ni Chaozhou na Shantou, mashariki mwa mkoa huu wa Guangdong. Mchele huanza kupikwa pale pale unapoagiza, ndani ya chungu cha udongo, pamoja na kamba au kaa, na punje hazipotei kama zile za Kikantoni. Ni mtamu sana. Lakini unachukua kama nusu saa, na chungu ni cha watu wawili mpaka wanne. Mkiwa wengi mko tayari kusubiri, chukueni huu na msijute. Ukiwa peke yako, upite. Ubora wake mwingine ni kwamba, kwa kuwa unapikwa kuanzia mchele, unaweza kuomba upikwe kwa maji matupu. Hilo haliwezekani kwenye sufuria kubwa la msingi.

Hatua ya 5: Chukua kitu kimoja cha pembeni, si vitano

Cha kwanza ni 油条, youtiao: kijiti kirefu cha unga wa ngano kilichokaangwa, ndugu wa andazi lisilo na sukari, chepesi na chenye uwazi ndani. Kikate vipande utumbukize kwenye uji. Usivitie vyote kwa pamoja vitalowa. Tia vitatu, kula, tia vingine. Uliza kinakaangwa kwa mafuta gani kama unakwepa mafuta ya nguruwe.

Migahawa ya Chaozhou huweka sahani ndogo nyingi kwenye kioo, unaonyesha kwa kidole: kimanda cha figili ya chumvi (菜脯蛋), mboga za haradali zilizochachushwa, samaki waliochemshwa na kuachwa wapoe. Kimanda kile chukua bila kufikiri mara mbili, ukishauliza mafuta yake.

Hatua ya 6: Agiza

Migahawa mingi ina msimbo wa QR uliobandikwa mezani. Uskani kwa WeChat au Alipay, menyu itafunguka yenye picha. Hakikisha unaskani wa meza yako. Mkiwa mmekalishwa na wageni wengine, oda zenu zinaweza kuchanganyika, na hapo kuelezana kwa lugha ya mikono ni kazi. Kwingine utapewa karatasi na kalamu: weka alama au namba mbele ya unachotaka.

Kwa watu watatu mara ya kwanza agizeni mabakuli matatu ya uji tofauti, youtiao moja, na sahani moja ya pembeni. Basi. Bakuli la Guangzhou ni kubwa kuliko linavyoonekana kwenye picha, na kuongeza oda ni dakika mbili. Bei ya bakuli la kawaida mara nyingi ni kati ya yuan 10 na 30. Chungu ni mara kadhaa ya hiyo, na chenye kaa kinaweza kuuzwa kwa uzito. Kikiuzwa kwa uzito, uliza bei kamili kabla hakijaenda jikoni.

Hatua ya 7: Suuza vyombo, na usinywe maji yale

Utaletewa birika la chai moto na bakuli la plastiki. Wageni humimina wakanywa. Wenyeji wa Guangzhou, chai ya kwanza ni ya kusuuza: mimina kwenye bakuli lako, zungusha kikombe, kijiko na vijiti ndani yake, kisha mwaga kwenye lile bakuli la plastiki. Chai ya pili ndiyo ya kunywa. Mtu akikumiminia, gonga meza taratibu kwa vidole viwili. Huko ndiko kusema ahsante bila kukatisha mazungumzo. Chai na vyombo vinaweza kuwa na malipo madogo kwa kila kichwa. Usishangae kuyaona kwenye bili.

Hatua ya 8: Kula

Uji unahifadhi moto kuliko supu. Juu unaonekana umetulia, chini unaunguza. Usichote katikati. Chota ukingoni mwa bakuli, juu juu, kijiko nusu, na uzunguke bakuli taratibu ukielekea ndani. Namna hiyo utaanza kula mapema na ulimi utabaki salama.

Kabla ya hapo, koroga mara moja kutoka chini ili samaki au nyama izame kwenye moto. Hili lina maana kubwa kwa samaki. Wapishi wengine huvitoa vipande vikiwa na wekundu katikati kwa sababu joto la uji litamalizia kuivisha. Samaki wa maji baridi wa Guangdong wanajulikana kwa kubeba minyoo ya ini, na samaki asiyeiva ndiyo njia yake ya kuingia mwilini. Subiri mpaka kila kipande kiwe cheupe kabisa na kivunjike kwa kijiko. Una shaka? Rudisha jikoni na maneno haya: 请煮熟一点。 Hakuna atakayenuna. Na uji wa samaki mbichi, 鱼生粥, wenyewe wanaupenda. Mimi nakushauri usiuguse.

Kisha onja. Ukishaonja, ndipo utie pilipili manga nyeupe iliyo mezani, na soya matone mawili. Watu wetu hukimbilia chumvi na pilipili ya kuwasha kabla ya kijiko cha kwanza, wanaua ladha ya tangawizi na mchele ambayo ndiyo waliyoifuata. Ukitaka pilipili ya kuwasha ipo, iweke kwenye kisahani pembeni utumbukize samaki.

Kwa uji tumia kijiko cha kauri. Vijiti ni vya sahani za pembeni. Ukivipumzisha vilaze. Usivisimamishe ndani ya bakuli, vinafanana na ubani wa kuwachomea wafu, na mzee wa meza ya pili ataumia kuona.

Hatua ya 9: Lipa na utoke

Inua mkono, sema "mai dan". Kama uliagiza kwa simu, huenda umeshalipa. Angalia kabla ya kulipa tena. Bakishishi haitolewi. Ukiacha fedha mezani mhudumu atakukimbilia barabarani kukurudishia. Kilichobaki sema "dabao", utafungiwa. Nje kuna watu wenye namba mkononi, kwa hiyo ukimaliza inuka. Maongezi yahamishie hotelini.

Ukikwama

*Malipo yamekataa.* Mara nyingi ni benki yako imezuia, si mgahawa. Jaribu programu ya pili, kisha taslimu. Usibonyeze mara tano mfululizo, benki itafunga kadi.

*Hakuna menyu ya picha na programu ya kutafsiri inatoa maneno ya ajabu.* Inuka uangalie meza za jirani, chagua bakuli linalokuvutia, mwonyeshe mhudumu kwa kiganja kilichofunguka, si kwa kidole kimoja usoni pa mtu. Ndipo uonyeshe lile swali la mifupa.

*Uji umekuwa mwepesi kama maji.* Ukiwa wa Chaozhou, ndivyo ulivyo, punje zimekaa chini, koroga. Ukiwa wa Kikantoni na maji yamejitenga juu, umeongezwa maji ya haraka kwa sababu ya wingi wa watu. Kula leo, kesho nenda kwingine.

*Tumbo limevuruga.* Rudi kwenye 白粥 kwa siku moja, bila youtiao. Likiendelea au ukipata homa, nenda hospitali na pasipoti yako. Usiendelee kununua dawa kwa kubahatisha.

*Nimekosa uji wa halali kabisa.* Kama umepanga chumba chenye jiko, pika mwenyewe. Nunua jiko la umeme la wali; mengi yanayouzwa China yana kitufe chenye alama ile ile uliyojifunza mwanzo, 粥. Chukua kikombe kimoja cha mchele, osha, chuja, changanya na kijiko kimoja cha mafuta na chumvi kidogo, uache nusu saa. Mafuta husaidia punje zipasuke. Tia vikombe kumi vya maji, na jiko lisizidi nusu, maana uji hufura na kumwagika. Bonyeza kitufe, koroga mara mojamoja kwa saa moja na zaidi, mpaka usione punje nzima.

Wakati huo kata samaki au nyama ya ng'ombe ya bucha la halali vipande vyembamba sana, vipake chumvi, tangawizi, pilipili manga nyeupe na unga kidogo wa wanga wa mahindi. Uji ukiwa unatokota kwa nguvu, tia vipande, hesabu dakika mbili mpaka tatu, pasua kimoja uone kimeiva katikati, kisha nyunyiza majani ya kitunguu. Unawatosha watu watatu. Ukibaki mpaka asubuhi utakuwa umeganda kama bokoboko: ongeza maji ya moto kidogo kidogo huku unakoroga, na uuchemshe tena kabla ya kula.